Kahawa, Moto na Michango

Ndugu wana Rombo,

Wazee wetu walisomesha kwa kahawa. Chama cha wakulima wa Kilimanjaro kilianza mwaka 1925, KNCU ikafuata mwaka 1933, na fedha za kahawa zikajenga madarasa. Mzazi mwenye kihamba kidogo alijua ada itatoka kwenye mibuni.

Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya mgawo wa soko la kahawa yalivunjika na bei ikaporomoka. Wengine waling'oa mibuni, wakapanda mahindi. Ada haikupungua.

Tukiwa katika hali hiyo, Juni 1994, bweni la wasichana pale Shauritanga liliungua usiku. Tulipoteza mabinti wapatao 40. Hatutaandika zaidi, maana wazazi wao wanasoma kurasa hizi.

Mara nyingi tunamsahau anayeongoza elimu wilayani nyakati kama zile. Anasimama mbele ya watu waliotoka kuzika, naye anajua shule haina kitu. Atatoa pole, kisha siku si nyingi ataomba mchango, na hakuna namna nzuri ya kuyasema yote mawili. Sisi tulio mijini tulinung'unika kwamba michango ya nyumbani imezidi. Tulikosea. Kahawa ilikuwa imeacha kulipa, na hapakuwa na mwingine wa kulipa ila sisi.

Bahasha ya mwaka huu ni ya mabweni: milango ya pili, taa za sola na mitungi ya kuzimia moto. Tutazipokea Desemba, tukishapanda nyumbani.