ASKOFU NI NANI?

Mmoja wenu ameniuliza kama "askofu" na "bishop" ni vyeo viwili. Hapana mpendwa, ni neno moja. Kigiriki ni episkopos: epi ni juu, skopos ni mwenye kutazama. Fikiria mlinzi wa shamba la mahindi, anayekesha wengine wamelala. Waarabu wakasema usquf, kwetu likawa askofu. Kwa Kilatini likawa episcopus, Waingereza wa kale wakasema biscop, ndiyo hiyo bishop tunayogombania kwenye mabango ya mikutano.

Sasa fungua Matendo 20. Mstari wa 17, Paulo anawaita wazee wa kanisa la Efeso. Mstari wa 28, wazee hao hao anawataja kwa neno hilo la Kigiriki. Biblia yetu inasema "waangalizi". Walikuwa wengi, na kanisa lilikuwa moja!