Nywele Zetu Kabla ya Kitana cha Moto

Imekuwa ada, tunapofundisha msamiati wa viungo vya mwili, kuanza kichwani na kushuka hadi nyayoni. Mwanafunzi hujifunza jicho, sikio, pua na mdomo. Nywele hupewa neno moja tu, kisha somo likaendelea. Upungufu huu hautokani na umaskini wa lugha. Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya nywele, na nyuma ya maneno hayo ipo historia ya watu waliozitunza nyumbani kwa mikono yao, kwa maji, mafuta, uzi na wembe. Katika makala haya tunakusudia kuieleza historia hiyo kwa ufupi, tukianzia hapa Rwanda, ili ionekane jinsi nywele zile zile zilizokuwa fahari ya watu zilivyokuja kupewa sifa ya ubaya.

Amasunzu na urugori

Zamani za wafalme wa Rwanda, mtindo uliojulikana kuliko yote ulikuwa amasunzu. Nywele ziliachwa zikue, zikachanwa zikasimama, kisha zikanyolewa sehemu za chini na za juu hata ikabaki safu moja au zaidi iliyopinda mfano wa mwezi mchanga. Namna zinazotajwa za mtindo huu ni zaidi ya 30. Wanaume walinyoa amasunzu, na kwa wapiganaji ilikuwa ishara ya nguvu na ushujaa. Msichana naye alianza kunyoa hivyo alipofikia umri wa miaka kama 18 hadi 20, na jirani aliyemwona alielewa bila kuambiwa kwamba sasa anaweza kuposwa. Akiisha kuolewa, aliyaacha amasunzu na kuziacha nywele zikue. Alipojaliwa mtoto alivaa urugori, yaani utepe mwembamba wa bua la mtama uliozunguka kichwa, ambao ulikuwa heshima ya uzazi.

Yafaa tuzingatie neno lenyewe. Katika Kinyarwanda, isunzu ni shungi la nywele, na pia ni mgongo wa juu wa safu ya milima. Ndiyo maana milima inayogawa maji ya Kongo na ya Nili huitwa Isunzu rya Kongo-Nili. Nchi ya vilima ilitoa jina la nywele, au nywele zilitoa jina la vilima. Kwa vyovyote, mwenye kuzitazama aliona umbo la kuinuka na kusimama, wala hakuona kasoro. Na umbo hilo lilihitaji nywele za aina hii hasa. Nywele za singa zingelala mara tu mkono unapoziachia.

Upande wa pwani nako wembe ulikuwa na sanaa yake. Kunyoa denge ni kunyoa pembeni na kuacha nywele katikati ya kichwa. Methali nazo zimehifadhi desturi za kazi hiyo. Tunaposema, "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji," tunafundisha tahadhari, lakini pia tunataja hatua ya kwanza ya kinyozi, kwani nywele kavu huukataa wembe. Na tunaposema, "Kinyozi hajinyoi," tunakiri kwamba kichwa hutunzwa na mikono ya mwingine.

Uzi, maji na mafuta

Wanawake walikuwa na sanaa ya kusuka. Mkeka husukwa, ukili husukwa, na nywele husukwa. Neno ni moja kwa sababu vidole vinafanya kazi moja. Wengine husema kusonga nywele, kwa kitenzi kile kile cha kusonga ugali. Kazi ikiisha muda wake, nywele hufumuliwa kama mshono. Njia hupasuliwa kwa ncha ya kitana, kutoka kwenye paji hadi kisogoni, na mitindo hupewa majina yenye uchangamfu. Mmoja huitwa mabutu, mwingine twende kilioni.

Katika njia zote hizo, ile ya kusuka kwa uzi yastahili kuelezwa kwa kirefu, maana ndani yake mna elimu. Unywele wa kipilipili, ukikatwa na kutazamwa kwa hadubini, si wa duara kamili bali umebapa kidogo, nao huota kutoka katika kishimo kilichopinda ndani ya ngozi. Kwa hiyo hujikunja tangu unapotokea. Mafuta ya asili ya ngozi hayawezi kuteremka katika mikunjo hiyo hadi nchani. Ndiyo sababu nywele hizi hukauka upesi, na kila mkunjo huwa mahali pa kukatikia.

Msusi wa nyumbani hakuwa na hadubini, lakini alitenda kama aliyeyajua hayo yote. Kwanza aliosha nywele na kuziacha na unyevunyevu. Kisha alipaka mafuta ili kuuzuia unyevu usipotee: pwani yalikuwa mafuta ya nazi, hapa Rwanda, nchi ya ng'ombe, ilikuwa samli. Alichana kuanzia nchani, akipanda kidogo kidogo kuelekea shinani, wala hakuanza juu na kuvuta kwa nguvu. Mwisho alishika kila fungu na kulizungushia uzi mweusi tangu shinani hadi nchani. Maji hulegeza viungo vidogo vinavyoushikilia mkunjo wa unywele. Unywele ukikauka huku umenyoshwa na uzi, viungo hivyo hushikana upya katika hali ya kunyoka. Baada ya siku kadhaa uzi ukifumuliwa, nywele hutoka ndefu na nyepesi kuchanwa, bila moto wowote. Zikilowa tena, hurudi zilivyokuwa, bila kudhurika.

Sharti lilikuwa moja, nalo lingali sharti hata leo: uzi usikazwe mno. Nywele za panjani zikivutwa kila mara hung'oka, na mwisho huacha upara usioota tena. Usiku kichwa kilifungwa kitambaa ili nywele zisisuguliwe na kitanda. Kazi nzima ilichukua saa nyingi, mtoto akiwa ameketi chini kati ya magoti ya mama, shangazi au bibi. Katika saa hizo alisikia vitendawili, habari za ukoo na maonyo. Kwa maneno mengine, ususi ulikuwa darasa la lugha.

Kitana cha moto na dawa

Mabadiliko hayakuja siku moja. Wamisionari wa Afrika walifungua misheni ya Save mwaka 1900, na kadiri shule na desturi mpya zilivyoenea nchini, amasunzu yalipungua hatua kwa hatua, mahali pake pakachukuliwa na kichwa kilichonyolewa sawasawa. Wakati huo huo, ng'ambo ya bahari, biashara ya nywele ilikuwa ikipanuka. Madam C. J. Walker, aliyezaliwa Louisiana mwaka 1867 kwa wazazi waliokuwa wametoka utumwani, alianza kutafuta mafuta ya kichwa kwa sababu nywele zake mwenyewe zilikuwa zikinyonyoka. Mwaka 1910 aliiweka kampuni yake Indianapolis, na hadi alipofariki mwaka 1919 alikuwa amewapatia maelfu ya wanawake weusi kazi na kipato. Utaratibu wake ulikuwa kuosha ngozi ya kichwa, kupaka mafuta, na kupitisha kitana cha chuma kilichopashwa moto. Si haki kumlaumu mama huyu kwa kila kilichofuata. Lakini kitana kile kilikuwa na ujumbe ambao ulifika mbali kuliko mafuta.

Katika miji ya Afrika Mashariki kitana kama hicho kilipashwa juu ya jiko la makaa, na Kiswahili kikasema wazi kilichotendeka: kuchoma nywele. Baadaye zikaja kemikali za kunyosha, tukasema kutia dawa. Hebu tulipime neno hili. Dawa hupewa mgonjwa. Tulipokubali kwamba nywele zinatiwa dawa, tulikuwa tumekwisha kubali, bila daktari yeyote kusema, kwamba zilikuwa na ugonjwa. Nao utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2022, uliowahusu wanawake 33,497, uliona kwamba waliotumia vinyosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mji wa mimba kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wasiotumia. Utafiti huo umeonyesha uhusiano, wala haujathibitisha kwamba kemikali hizo ndizo chanzo. Hata hivyo, ni sababu ya kutosha ya kutafakari.

Serikali nazo ziliingia. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku nywele za bandia pamoja na mavazi mafupi na yenye kubana, kuanzia Januari 1969. Nia iliyotajwa ilikuwa kulinda utamaduni. Lakini amri hukataza. Haifundishi mkono kusuka.

Wajibu wa mwalimu

Leo upepo umeanza kugeuka. Mwezi wa Agosti 2016, wasichana wa shule moja ya Pretoria waliandamana kutetea nywele zao za asili. Mwaka 2018 Lupita Nyong'o alihudhuria sherehe ya tuzo za Oscar akiwa na nywele zilizoigwa kutoka amasunzu. Vijana wa Kigali nao wameanza tena kuyanyoa.

Kwetu sisi walimu, ambao tunaifundisha lugha iliyofanywa rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, swali ni la karibu zaidi. Shule nyingi za Afrika Mashariki huwataka wanafunzi wanyoe, na zipo sababu za usafi na usawa zinazotolewa. Hatukusudii kuvunja kanuni za shule. Tunachosema ni kwamba mtoto anaweza kunyolewa bila kutukanwa. Tukimwambia nywele zake ni mbaya, au chafu kwa sababu tu hazijalala, tunampa somo la lugha ambalo hatalisahau, na somo hilo ni la uongo. Yapo maneno ya kweli: nywele kavu, nywele zilizosokotana, nywele timutimu, nywele za kipilipili. Hayo yanaeleza hali; hayahukumu mtu.

Tunapendekeza zoezi moja jepesi. Kila mwanafunzi aende nyumbani akamwulize bibi au mama majina ya mitindo aliyosukwa utotoni, vifaa vilivyotumika, na kitenzi cha kila hatua. Kisha aandike insha kwa Kiswahili. Panapokosekana neno la Kiswahili, aandike la lugha ya mama, darasa lilitafutie mwenzake. Wazee wanaoyajua majina hayo wanazidi kupungua, na neno lisiloandikwa huondoka pamoja na mwenye kulijua.