Wahunzi wa Gidang'odiga na chuma cha silaha katika nchi ya Babati

Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mwaka 2002, umekaa kati ya Mlima Kwaraa na ziwa lenye jina la mji wenyewe, katika nchi ambayo Wagorowa, Wairaqw na Wadatoga wamepakana humo kwa vizazi vingi, mara wakibadilishana nafaka na mifugo, mara wakigombania malisho. Mkuki na mshale vilihitajiwa na wote, lakini miongoni mwa Wadatoga kazi ya kuvifua ilikuwa ya Gidang'odiga peke yao, yaani ukoo wa wahunzi waliooana wenyewe kwa wenyewe kwa kuwa wafugaji waliwahesabu kuwa na unajisi. George Klima, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti kwa Wabarabaig, tawi la Wadatoga, katika miaka ya 1950, alieleza jinsi kijana aliyeua kwa mkuki simba, tembo au mtu aliyehesabiwa kuwa adui alivyozawadiwa ng'ombe. Sifa ilimwendea mtumiaji wa silaha, naye aliyeifua hakuruhusiwa hata kuposa katika nyumba ya kijana huyo.

Utaalamu uliofungiwa hivyo ndani ya ukoo ulihusu, kwa lugha ya kemia, uhusiano wa chuma na oksijeni. Mawe ya chuma ni chuma kilichoshikamana na oksijeni, na katika tanuri za kale za Afrika Mashariki makaa yaliyopulizwa kwa viriba, yaani mifuko ya ngozi yenye bomba la udongo mdomoni, yalitoa gesi iliyoyanyang'anya mawe oksijeni hiyo, kikabaki chuma kigumu kilichochanganyika na mavi ya chuma, ambayo ni takataka zinazoyeyuka na kutengwa. Mhunzi alipoitoa kazi motoni na kuiweka juu ya fuawe, hewa ilianza papo hapo kukirudisha chuma katika hali yake ya kwanza, na magamba meusi yaliyopukutika kwa kila pigo la nyundo yalikuwa ni chuma kilichokwisha kuungua.

Baadaye kuyeyusha mawe kulipoteza faida, kwa kuwa chuma cha viwandani kiliingia na biashara ya kikoloni, na Barabara Kuu ya Kaskazini, iliyokusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo, ikapita Babati na kuleta malori, ambayo springi zake zilizovunjika ni chuma kizuri kuliko kingi kilichopata kutoka katika tanuri za kienyeji. Si sahihi kuiita hali hiyo kifo cha uhunzi, kwani kilichoachwa ni tanuri tu. Ufuaji uliendelea, na Wahadzabe wa bonde la Eyasi waliendelea kupata vigumba vya mishale kwa wahunzi wa Kidatoga kwa kubadilishana na nyama na asali.

Silaha za dola, kwa upande wake, zilikwenda njia nyingine. Mwaka 1895 Mjerumani Hans Goldschmidt alisajili hataza ya themiti, mchanganyiko wa ungaunga wa alumini na kutu ya chuma, ambamo alumini hufanya kazi ileile ya makaa, ila kwa sekunde chache na kwa joto la kuyeyusha reli. Kutokana na kanuni hiyo zimekuja zinazoitwa metali tendaji, yaani metali zilizoandaliwa zikae kimya kama chuma cha kawaida kisha ziwake zinapogonga shabaha, na leo watafiti wa shahada ya uzamivu katika nchi zenye viwanda vikubwa vya silaha wanachunguza namna ya kuziunda kwa uchapaji wa metali, ambao ni kutandaza ungaunga tabaka juu ya tabaka na kuliyeyusha kila tabaka kwa mwale wa leza. Ugumu wao mhunzi wa Gidang'odiga angeuelewa bila kuelezwa sana: ungaunga mwembamba una uso mpana wa kukutana na hewa, kwa hiyo chumba cha mashine hujazwa agoni, gesi isiyoungana na kitu, ili metali isimalize kuungua kabla ya kazi iliyokusudiwa.