Ngazi za mchezo zikipunguzwa, anayecheza bure anapoteza nini?

Unafungua mchezo kwenye simu, jana ulikuwa ngazi ya 40, leo unasoma 15. Umedhulumiwa? Si lazima. Kabla ya kukasirika, tazama kilele kimewekwa wapi na kikomo cha asiyelipa kiko wapi.

Tuchukue World of Warcraft, mchezo wa kompyuta unaochezwa kwa intaneti tangu 2004. Nchini Marekani ada yake ni kama dola 15 kwa mwezi. Asiyelipa anaruhusiwa kucheza, lakini mhusika wake hapandi zaidi ya ngazi ya 20, haingii mnadani kuuza wala kununua, na hawezi kujiunga na chama cha wachezaji.

Kufikia 2020 ngazi zilikuwa zimerundikana hadi 120. Oktoba mwaka huo kampuni ya Blizzard ilizipunguza. Aliyekuwa 120 akashushwa hadi 50, na mwezi uliofuata kilele kipya kikawa 60. Kikomo cha bure kilibaki palepale, 20.

Kwa hiyo asiyelipa, aliyekuwa akiishia sehemu moja ya sita ya safari, sasa alifika theluthi bila kutoa hata senti. Ila waliokaa ngazi ya 20 kwa miaka, wakikusanya silaha na mavazi, nao walishushwa na kuanza kupanda tena. Hao tunawaelewa wakinung'unika.

Na theluthi yenyewe haikudumu. Kilele kilianza kupanda tena, na 2024 kikafika 80. Ngazi ya 20 ikawa robo tu.