Kupotewa na Utambuzi

Mwambie mgonjwa afumbe macho, kisha umwekee ufunguo kiganjani. Anaupapasa. Atakwambia ni kitu cha chuma, chembamba, cha baridi, upande mmoja kina meno. Yote aliyosema ni kweli, na bado hajui ameshika nini. Akifumbua macho tu: "Kumbe ufunguo!" Vidole havijafa ganzi. Kilichokatika ni njia ya ubongoni inayounganisha mguso na maana yake.

Hiyo ni sura moja ya hali ambayo matabibu huiita agnosia. Neno hilo aliliingiza Sigmund Freud mwaka 1891, katika kitabu chake kuhusu afasia (kuharibikiwa na uwezo wa lugha), kwa mizizi ya Kigiriki: a- ya kukanusha, na gnosis, yaani kujua. Mfasiri anayelitafutia neno la Kiswahili, akifuata mizizi kikavu, atafika kwenye "kutojua", na kutojua kwetu kuna jina lake: ujinga. Neno hilo lisiandikwe kamwe kwenye cheti cha mtu aliyepatwa na kiharusi.

Kabla ya Freud, Wajerumani walisema "upofu wa roho". Upofu nao unapotosha, kwa kuwa macho ni mazima. Wala si usahaulifu: mgonjwa wetu anakumbuka vizuri ufunguo ni nini na hufungua nini. Mwaka 1890 daktari Heinrich Lissauer alieleza kwamba kutambua kwa macho kuna hatua mbili, kuunda umbo la kitu na kulifungamanisha na maana. Aliyeharibikiwa hatua ya kwanza hawezi hata kunakili mchoro ulio mbele yake. Aliyeharibikiwa ya pili ataunakili mstari kwa mstari, halafu ashindwe kusema amechora nini.

Kwa Kiswahili, mimi nachagua "kupotewa na utambuzi". Sikiliza kitenzi chenyewe. Mtu akipoteza pesa tunamuuliza alikuwa anafanya nini. Mama akipotewa na mtoto sokoni tunamsaidia kutafuta. Kinyambuo hicho kinamweka mtu mahali pa aliyefikwa na jambo, na mgonjwa anastahili kuwekwa hapo. Ila utambuzi ni neno pana, wanasaikolojia wanalitumia kwa shughuli za akili kwa jumla, hivyo lazima tutaje kilichopotea: utambuzi wa vitu, wa sauti, wa mguso, wa nyuso. Na kwa aliyezaliwa na hali hiyo, hakuna kilichompotea. Kwake tuseme "ukosefu".

Hali ya kupotewa na utambuzi wa nyuso ndiyo inayoniuma zaidi. Joachim Bodamer, daktari Mjerumani, aliipa jina la prosopagnosia mwaka 1947. Mwenye nayo huona macho, pua, mdomo, kovu la shavuni, lakini vyote hivyo havimletei mtu anayemfahamu. Kwa watu wanaopimana adabu kwa salamu, hilo ni balaa. Kijana anakutana na shangazi yake njiani, anamtazama usoni, anapita kimya. Jioni ukoo mzima umeshapata habari kwamba mtoto ana kiburi, mjini kumemharibu. Lakini shangazi angemwita pale pale, hata kwa jina moja tu, kijana angegeuka kabla sauti haijaisha: "Shikamoo shangazi!"