Siku Mbili za Brooklyn Park

Uliza watu Nyamira nani ana Amazon Prime, watakucheka. Mzigo wa haraka wa Prime haufiki Ekerenyo. Lakini ukoo wetu mzima umekuwa ukitegemea uanachama wa shangazi yangu aliye Brooklyn Park, Minnesota: mashine ya presha ya nyanya, chaja ya laptop yangu, na earphone ambazo binamu anauza Daraja Mbili, Kisii mjini. Vitu vinaagizwa kwake, vinangoja gereji, halafu vinaingia kwa begi la kilo 23 la yeyote anayekuja matanga ama Disemba. Kutoka Nairobi vinapanda shuttle ya kupitia Narok.

Mwaka huu shangazi ameukata. Group ya familia ikachemka siku nzima.

Prime ilianza Februari 2005. Mtu alilipa dola 79 kwa mwaka na kuahidiwa mzigo ndani ya siku mbili. Tangu 2022 ada ni dola 139. Katika miaka hiyohiyo Wakisii walizidi kuhamia Minnesota, wengi wakiishia kutunza wazee na wagonjwa, kazi anayofanya shangazi. Mwaka 2016 Amazon ikafungua ghala kubwa Shakopee, kusini-magharibi mwa Minneapolis, na waliojaa humo ni watu wa kwetu huku, hasa Wasomali.

Aprili 2019 kampuni ikatangaza kwamba siku mbili zitakuwa moja. Hiyo siku iliyopunguzwa ilitoka mgongoni mwa nani? Tarehe 15 Julai 2019, Prime Day yenyewe, wafanyakazi wa Shakopee waligoma, wakisimama na shirika la Awood Center. Walilalamikia kasi, majeraha na ajira zisizo na uhakika. Kampuni ikasema waliotoka ni wachache tu. Sawa, lakini Mei 2023 Minnesota ilipitisha sheria inayoyalazimu maghala makubwa kumpa mfanyakazi kiwango anachotakiwa kufikisha kwa maandishi, na kumhakikishia muda wa chakula, choo na sala. Sheria ya kumruhusu mtu mzima aende choo, manze.

Shangazi anafanya zamu ya usiku na wanawake waliopitia ghala hilo. Hakutuhubiria. Aliandika tu kwamba amechoka kulipia haraka.

Binamu hakufurahi, na simlaumu. Ile meza yake ndiyo karo ya watoto wawili. Shangazi akamweleza kwamba bado ataagiza: oda ikifika dola 35 usafiri ni bure, ila inachelewa siku kadhaa. Binamu anahofia kitu kingine, kwamba aliyechoka na Prime leo atachoka na sisi kesho. Hilo shangazi hajalijibu.

Mimi nilirudi kuangalia risiti ya chaja yangu. Ilifika Brooklyn Park kwa siku mbili kamili, mwezi wa nane. Ikakaa gereji mpaka Disemba.