Simu za Kesho Zinakwama kwenye Betri

Mwaka 2008 Nokia na Chuo Kikuu cha Cambridge walionesha Morph, simu ya kubuni ya kuvaa mkononi kama bangili, inayojichaji kwa jua. Haikufika dukani. Xiaomi nao 2019 wakaja na Mi Mix Alpha, kioo mbele hadi nyuma. Mwaka uliofuata wakasema hawataizalisha kwa wingi.

Vioo vya kukunja tumeshavipata. Shida ni betri. Za lithiamu ziliingia sokoni 1991 na mpaka leo ndizo hizo hizo, zimeboreshwa tu. Baridi haziiwezi: Apple inashauri iPhone itumike kwenye nyuzijoto 0 hadi 35.

Nenda Kilimanjaro uone. TTCL walifikisha intaneti Horombo, mita 3,720, Agosti 2022, kwa hiyo picha ya Mawenzi unairusha hapo hapo. Ila usiku wa kupanda Uhuru, mita 5,895, simu yenye asilimia 40 inaweza kuzima ghafla, maana kimiminika cha ndani ya betri kinapitisha umeme kwa shida. Ilaze nayo, iweke mfuko wa ndani wa jaketi. Ikipata joto huwaka tena. Usiichaji ikiwa imeganda, utaiua betri.